Pikipiki Iliyosomewa

Manzur alipiga kiki mpaka kofia yake ya sufu ikaangukia kwenye maji ya kuku. Pikipiki haikutoa hata kikohozi. Aliiokota kofia, akaikung'uta, akaivaa hivyo hivyo na unyevu wake, akavuta choki juu, akaishusha, akaivuta tena, kisha akapiga kiki nyingine ya hasira iliyomrudi kwenye ugoko. Ukungu ulikuwa umeshuka uani hata mlango wa choo hauonekani, na mtaa mzima ulikuwa kimya isipokuwa yeye na ugoko wake.

"Leo tena?" sauti ya mama yake ikatoka ndani. Bebe, kama walivyomwita wote, hakuwa mtu wa kutoka kwenye mfarishi wake kabla jua halijapanda, lakini ulimi wake uliamka mapema kuliko jogoo. "Si ndiyo zawadi ya wakwe zako? Ilikuja na bi harusi, ikachukua tabia za bi harusi. Haiwaki mpaka ibembelezwe."

Jikoni, Musarrat alikuwa akigeuza chapati na kusikiliza. Alimjua mumewe. Angepiga kiki nyingine kadhaa kwa ajili ya heshima yake, angelipiga teke gurudumu la mbele ambalo halikuwa na kosa lolote, halafu angeita.

"Mama Sadaf!"

"Nina unga mikononi, baba Sadaf."

"Njoo na huo unga wako. Njoo uisomee, nimechelewa."

Musarrat hakujiharakisha. Aliitoa chapati kwenye kikaango, akaipaka samli, akaifunika. Kisha akajitanda shali na kutoka. Aliizunguka pikipiki kwa upande wa kushoto, akalikumbatia tangi kama anayemtuliza ng'ombe mkaidi, akaanza kusoma dua ya safari kwa sauti ya chini. Akaiinamisha pole pole upande wake, kama wanavyoinamisha watu wote wa Punjab pikipiki ikigoma, ili petroli iteremke. Katikati ya dua akakohoa kidogo. Akaisimamisha.

"Haya. Bismillahi."

Kiki moja tu, ikawaka. Ilitema moshi wa buluu ukachanganyika na ukungu, ikatetemeka kama mzee aliyetoka kuoga maji baridi. Manzur aliipanda na kutoka langoni kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Ugonjwa wake wa pili ulikuwa huo: ukiivutia mafuta, sauti hutangulia mbele na pikipiki hubaki nyuma. Debe tupu. Muuza maziwa wa baiskeli alimpita kabla hajafika kona, akampungia mkono.

Sasa, siri ya dua ile aliijua Mungu na Musarrat. Chini ya tangi, upande wa kushoto, palikuwa na koki ndogo ya kufungulia petroli, na Manzur tangu aoe hakuwahi kuifunga. Kwake yeye koki ile ilikuwa pambo. Kabureta nayo ilikuwa ikivuja tone tone. Majira ya baridi ya kwanza ya ndoa yao, Musarrat aliona petroli ikichuruzika kuelekea jikoni penye moto, akaifunga koki kabla ya kulala, kwa nia njema kabisa. Kulipokucha kabureta ilikuwa kavu. Manzur akapiga kiki, Bebe akamtukana baba yake Musarrat aliyeitoa pikipiki, na bi harusi, ambaye mpaka siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina mle ndani, akakumbuka alichofanya. Aliona haya kusema. Akatoka akisoma kila dua aliyoijua, akaipapasa koki chini ya shali, akaifungua, akakohoa ili mlio wake usisikike. Pikipiki ikawaka. Siku hiyo Bebe alinyamaza mpaka adhuhuri, na jioni Manzur alirudi na jalebi za moto, vitamu vya kukaanga vya shira, kwenye gazeti.

Hizo jalebi ndizo zilizomharibu. Tangu hapo, kila alipoudhiwa, koki ilifungwa. Manzur aliipeleka pikipiki kwa Fundi Tufail mara nyingi, nayo ikifika huko huwaka bila shida, kama mtoto anayeacha kukohoa akimwona daktari. Mtaani ilijulikana kwamba Musarrat ana ulimi wa baraka. Jirani mmoja alimletea cherehani aisomee, mwingine akamwita kwenye pampu ya maji, na bahati mbaya pampu ikapona.

Sababu ya asubuhi hii ilikuwa kubwa kuliko nyingine. Jana yake Bi Khurshid, mama wa kijana aliyemchumbia Sadaf, alikuja kunywa chai. Alikunywa nyingi, na halua ya karoti akaila kwa moyo mweupe, kisha akajifuta midomo na kusema yale ambayo mama wa bwana harusi husema.

"Sisi hatutaki kitu, dada. Wallahi, hata kijiko hatutaki. Tunamtaka binti tu." Akashusha pumzi. "Ila huyu Tanvir wangu, maskini. Baridi hii, anasubiri basi la kiwandani mpaka masikio yanakuwa kama biringani. Mimi nasema tu. Mama hana budi kusema."

Palepale Manzur, bila kumtazama mkewe, alitanua kifua. "Pikipiki itakuwepo, dada. Bi harusi wetu haendi kwa miguu."

Musarrat aliikusanya sahani ya halua ingawa ilikuwa bado na tonge.

*

Jioni ile Manzur hakurudi na jalebi. Alirudi na kopo la rangi nyekundu.

"Ya nini hiyo?" Musarrat akauliza.

"Fundi Tufail anasema nyekundu ndiyo inayopendwa na vijana." Alilipigapiga tangi la pikipiki. "Rangi, kiti kipya, vibandiko, vioo viwili vya pembeni. Hata mwenyewe hutaitambua."

Musarrat alikaa kwenye kitanda cha kamba. Alielewa polepole, kama mtu anayesikia maji yakiingia ndani ya nyumba. "Umewaahidi watu pikipiki mpya, halafu unawapa hii?"

"Sikusema mpya. Nilisema pikipiki."

"Wao wamesikia mpya."

"Masikio ni yao." Manzur alikuwa mnoaji kwenye karakana ya visu, na alipenda maneno yaliyokata kwa pande mbili. Lakini uso ulimwanguka mara moja. "Mama Sadaf, unajua mshahara wangu. Mpya nitaitoa wapi? Nikauze figo?"

"Ungenyamaza. Alisema hataki hata kijiko."

"Unajua maana yake."

"Naijua! Na wewe unajua pikipiki hii ikigoma asubuhi anayepigwa teke ni nani?" Sauti ilimpanda mpaka Sadaf akatokeza kichwa mlangoni. "Wewe unapiga teke chuma. Mama yako ananipiga mimi. Kila ukungu ukishuka baba yangu anafukuliwa kaburini kwake Daska, analetwa hapa uani, anatukanwa, anarudishwa. Unataka na wewe ufukuliwe? Unataka Sadaf aamke kila siku asikie baba yake ni tapeli?"

"Nimekusikia!" Bebe alipaza sauti kutoka ndani.

"Nimesema ili usikie, Bebe!"

Hakusema, bila shaka, kwamba mengine ya matusi hayo aliyanunua kwa mkono wake mwenyewe. Kuna mambo mtu hayasemi hata akiwa na haki.

"Pikipiki ilikuja na bi harusi, iende na bi harusi," Bebe aliamua toka mfarishini. "Ni chombo cha harusi hicho, hakijafaa kwa kingine chochote."

Manzur aliinama akaokota kopo lake. Hakuwa mtu mbaya, na Musarrat aliliona hilo likimwudhi zaidi, maana mtu mbaya ungemlaani ukalala usingizi. Huyu alikuwa baba aliyemwogopa Bi Khurshid kama yeye tu.

*

Kwa kweli Fundi Tufail alifanya miujiza. Siku ya kuwaonyesha wakwe vyombo vya bi harusi ilipokaribia, pikipiki ilirudi ikiwa nyekundu kama pilipili iliyoiva, kiti kinang'aa, usukani umefungwa utepe wa dhahabu, na bonyeo lililokuwa kwenye tangi limejazwa na kupakwa rangi. Ndani ilikuwa ile ile. Fundi mwenyewe alimvuta Manzur pembeni akamnong'oneza: "Ringi za pistoni zimekwisha. Ikiwa imepoa, usimruhusu mtu aiguse. Ikiwa imepata moto, itajitahidi."

Kwa hiyo Manzur alipanga vita. Wakwe wangekuja baada ya sala ya adhuhuri, ukungu ukiwa umepanda. Yeye angeiwasha mapema, aizungushe mtaani, aifunike, na wageni wakifika ingekuwa bado na joto. Na kwa kuwa mpiganaji mzuri hategemei jua la Januari, aliomba pia mfuko wa mpira wa maji ya moto ambao Bebe alilala nao miguuni.

"Miguu yangu je?" Bebe akauliza.

"Ni kwa ajili ya mjukuu wako."

"Miguu nayo ni ya bibi yake."

Usiku wa kuamkia siku hiyo, nyumba ilipotulia, Musarrat alitoka uani. Mifarishi mipya, masufuria, cherehani na pasi vilikuwa vimepangwa kwenye vitanda vya kamba chini ya turubai, pamoja na seti ya visu ambayo Manzur alimnolea bintiye kwa mikono yake, vipini vya pembe vimesuguliwa mpaka vikalainika. Aliviangalia visu hivyo akataka kulia. Kila kitu pale kilikuwa cha kweli isipokuwa kimoja. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia: heri wagundue kesho, hapa, mbele ya majirani wanaotujua, kuliko wagundue kule na mwanangu yuko peke yake. Akaingiza mkono chini ya tangi, akaifunga koki.

*

Wakwe walikuja wakati wa chai ya asubuhi. Ukungu ulikuwa haujaondoka hata kidogo, na Manzur alikuwa bado na povu la kunyolea kwenye shavu moja.

"Tumewahi, dada, mtusamehe," Bi Khurshid alisema akiingia na shali tatu. "Ndugu yangu Ishaq hapendi kuchelewa."

Mjomba Ishaq alikuwa ameendesha mabasi ya masafa marefu mpaka alipostaafu, na tangu hapo aliwaendesha watu. Nyuma yao aliingia Tanvir, bwana harusi, masikio yake kweli yamegeuka rangi. Aliamkia wakubwa mmoja mmoja, kisha macho yake yakaenda kwenye mlango wa jikoni, yakakutana na macho mengine huko, yakaanguka chini haraka kama mwizi. Majirani nao, ambao hawana haja ya kualikwa, walikwisha kupanda juu ya ukuta.

Mjomba Ishaq alipita kwenye masufuria bila kuyaona. Alivishika visu, akavisifu. Kisha akasimama mbele ya kitu kilichofunikwa mfarishi wa waridi.

"Na huyu nani?"

"Pikipiki," Manzur akasema, akifuta povu.

"Imevaa mfarishi?"

"Ni chombo cha bi harusi," Bebe akadakia. Leo alikuwa amebebwa na kukalishwa kwenye kiti, maana mfuko wake wa maji ya moto ulikuwa kazini. "Bi harusi akifunikwa na chake kifunikwe."

Mjomba aliufunua mfarishi. Nyekundu ikang'aa, majirani wakasema mashallah. Aliweka kiganja kwenye injini, akakiacha hapo. "Ina joto," alisema. Aliinama zaidi, akaingiza mkono, akatoa mfuko wa mpira unaobubujika maji. Aliuinua watu wote wauone.

"Na hiki nacho kinatoka kiwandani?"

Watu wa ukutani walicheka mpaka mmoja akaanguka upande wake. Musarrat, aliyeyataka haya mwenyewe, alijisikia uso ukimuungua.

"Haya, tuiwashe," akasema Mjomba.

Alivuta choki, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Akavua koti. Alipiga kwa ustadi, halafu kwa nguvu, halafu kwa chuki, na pikipiki ikamtazama kwa vioo vyake viwili bila neno. Bi Khurshid alikuwa amekunja midomo. "Hatukutaka kitu," aliiambia hewa, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Lakini kudhalilishwa pia hatukutaka."

Manzur alimgeukia mkewe. Macho yake tu ndiyo yaliomba, kama alivyoomba kila asubuhi ya ukungu: soma.

Musarrat hakutikisika. Ndivyo alivyopanga. Sasa wangeulizana, ukweli ungetoka, wangepatana upya kwa maneno safi au wasipatane. Lakini akatazama mlango wa jikoni. Sadaf alikuwa amesimama pale, ameng'ata ncha ya shali yake, na hakuwa akiitazama pikipiki wala vyombo. Alikuwa akimtazama yule kijana wa masikio ya biringani kama mtu anayeona basi lake linaondoka. Musarrat hakuwa amelihesabu hilo hata mara moja katika hesabu zake zote.

"Mjomba, pumzika," alisema. "Chombo cha bi harusi hakiwashwi na mjomba. Sadaf! Njoo."

Bi Khurshid alishtuka. "Bi harusi, mbele ya watu?"

"Aje asome tu, dada. Pikipiki hii haijawahi kwenda popote bila kusomewa."

Sadaf alikuja, kichwa kimeinama. Mama yake aliinama naye upande wa kushoto, shali zao mbili zikawa hema moja. "Soma dua ya safari," alimnong'oneza, "na uniletee mkono." Akaushika mkono wa binti yake, akauongoza chini ya tangi, mpaka vidole vikakutana na koki. Macho ya Sadaf yalitanuka. Musarrat akakohoa. Wakaiinamisha pamoja, wakaiinua.

"Wewe, mwanangu," Musarrat alimwambia Tanvir. "Piga."

Tanvir alipiga kiki kwa woga, kama anayegusa mlango wa mtu. Pikipiki ikawaka, na ukuta mzima ukashangilia.

Bi Khurshid alishika mashavu. "Subhanallah."

Mjomba Ishaq hakushika mashavu. Alipanda, akavuta mafuta, na ngurumo ikatoka langoni. Pikipiki yenyewe ilifuata baadaye. Walisikia sauti ikipanda na kupanda kule ndani ya ukungu, ungedhani anaelekea Lahore, kumbe bado alikuwa mbele ya nyumba ya jirani, na kuku wa huyo jirani alikuwa akitembea sambamba naye. Alirudi. Alilipapasa tangi kwa goti, kisha kwa kidole gumba, akasukuma, na kipande cha rangi nyekundu kikabonyea ndani na kupasuka.

"Khurshid," alisema. "Mashine hii ilikuwa barabarani mwanao akiwa na nepi."

Hapo hakuna aliyecheka. Manzur alitazama miguu yake. Musarrat alimwona mumewe akiwa mdogo mbele ya watu, na hasira yote aliyokuwa nayo juu yake ikageuka upande mwingine. Akasogea akasimama mbele yake.

"Kweli, si mpya," alisema. "Ni yangu. Baba yangu alinipa siku kama ya leo, na huyu bwana amenilisha kwa pikipiki hiyo, na siku ya kumzaa binti yangu nilipelekwa hospitali na pikipiki hiyo, mwendo huo huo uliouona, Mjomba, nami nilikuwa nyuma nikipiga kelele. Kuipaka rangi ni upumbavu wetu. Tulikuwa tunaona haya. Lakini dada, ulikaa pale kwenye kitanda kile, ukala halua yangu, ukaapa kwa Mungu kwamba hamtaki hata kijiko. Si uliapa?"

Bi Khurshid aliutazama ukuta. Ukuta wote ulikuwa ukimtazama yeye.

"Niliapa," alisema.

"Basi kwa mtu asiyetaka kitu, hii imezidi kwa pikipiki nzima. Kama ulitaka, sema leo ulitaka nini, watu wapo, tutaandika."

Mwanamke yeyote wa pale alijua kwamba kiapo kile huliwa pamoja na chai, hakuna anayekitunza, na hakuna aliyewahi kukitoa mfukoni mwa mtu namna hii na kukiweka mezani. Mjomba alitaka kusema, Bi Khurshid akamkanyaga mguu.

"Mama," Tanvir akasema, na masikio yakawa mekundu sasa. "Imewaka. Mimi inanitosha. Yeye ndiye... yaani, nani mwingine anaiweza?"

Watu wa ukutani walipiga vigelegele kwa ajili ya hicho tu. Bi Khurshid aliona njia imefunguka, naye hakuwa mjinga, akaipita. "Mimi nilisema tangu mwanzo," alitangaza akimkumbatia Sadaf. "Tunamtaka binti tu. Na mwenye ulimi wa baraka hivi! Ishaq, vaa koti, utapata baridi."

*

Asubuhi ya kumsindikiza bi harusi, Musarrat alifunga mlango wa chumba akabaki na Sadaf peke yake. Alimrekebisha shali, akamrekebisha tena.

"Ile koki," alisema. "Umeelewa?"

"Mama! Miaka yote hii?"

"Usinitazame hivyo. Sikiliza. Usiifunge kila siku. Ukiifunga kila siku ataipeleka kwa fundi, na mafundi wa kule kwa mumeo Gujrat si kama Tufail. Ukiwa na furaha, iache wazi, mwache mwanamume aende kazini. Ifunge siku wakikusahau. Siku ukipika wote wakala, na hakuna aliyekumbuka kukubakizia. Siku mkweo akinitukana. Akinitukana kidogo, vumilia. Na unapofungua, kohoa. Ina mlio, ti, kama ulimi."

Sadaf alicheka akalia, wanja ukamharibika, wakaanza upya. Nje ya mlango mtu alikohoa. "Bwana harusi amefika," sauti ya Manzur ikasema, na hatua zake zikaondoka taratibu.

*

Nyumba ilibaki kubwa. Mwenye karakana alimwazima Manzur pikipiki ya kazi, ya kupelekea visu stesheni, awe anailaza nyumbani. Ilikuwa kijana, haina mchezo. Asubuhi Manzur alivaa kofia, akapiga kiki moja, akaenda. Kesho yake vile vile. Musarrat alisimama jikoni na unga mikononi, akisikia ngurumo ikifika kona kabla chapati ya kwanza haijageuzwa. Hakuigusa koki ya pikipiki ile. Haikuwa yao, na isitoshe ilikuwa imewekwa na watu wa karakana kwa namna asiyoizoea, upande wa chini kabisa. Hata Bebe alilalamika. "Haina mazungumzo hii," alisema mfarishini. "Inawaka tu."

Siku moja Bi Khurshid alipiga simu. Pikipiki ilikuwa imegoma, alisema, Tanvir ameipiga mpaka ametoka jasho, Ishaq naye ameipiga, ikabidi wamwite Sadaf aisomee. Ikawaka papo hapo. Jamani, dua gani hiyo? Musarrat alisema ni dua ya kawaida. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu: "Jana mlikula nini, dada? Sadaf alipata?" "Ah," akasema Bi Khurshid polepole, "jana kulikuwa na wageni." Musarrat alipokata simu alicheka peke yake, halafu akajifuta macho kwa shali na kurudi kukanda unga.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito tena. Pikipiki ya karakana iliwaka kwa kiki moja kama kawaida yake, ikafika langoni, ikasitasita, ikazima. Kiki. Kiki. Kimya.

"Hewallah!" Bebe akaamka. "Na hii nayo nani kaitoa?"

"Mama Sadaf!"

Musarrat alidhani amesikia vibaya. "Nina unga mikononi, baba Sadaf."

"Njoo nao. Njoo uisomee."

Alijitanda shali, akatoka mbio kidogo, kisha akakumbuka umri wake na kutembea. Aliizunguka kwa kushoto, akalikumbatia tangi, akaanza kusoma, ingawa hakuwa na la kufanya safari hii zaidi ya kusoma kweli. Kwa mazoea tu mkono ukashuka chini ya shali, ukatafuta mpaka chini kabisa, ukaikuta koki.

Ilikuwa imefungwa.

Yeye hakuifunga. Bebe hakuwa ametoka mfarishini. Sadaf alikuwa kwa mumewe. Mle ndani hapakuwa na mtu mwingine. Aliinua macho. Manzur alikuwa amempa mgongo nusu, anautazama ukungu kwa makini, kama mtu anayesoma tangazo la kazi.

Musarrat hakukohoa. Aliifungua koki, ikalia ti, wazi kabisa katika utulivu ule. Manzur, ambaye kule karakanani hutambua kisu chenye ufa kwa mlio wake tu, hakugeuka.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado. Leo nasoma ile ndefu."

"Soma tu," Manzur akasema. "Sijachelewa."